Kukata kona kwenye kioo na kukata kona barabarani: historia ya usukani wa pikipiki



Wiki chache zilizopita niliingia katika chumba kimoja cha michezo ya video, komine ya Katuba. Umeme ulikuwa umerudi saa kumi na moja jioni, na vijana walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Televisheni tatu zilikuwa za mpira, kama kawaida. Ya nne, kando ya mlango, ilikuwa na mashindano ya pikipiki. Mbele yake alikaa kijana wa miaka 19, ambaye wenzake wanamwita bingwa. Familia yake ilikimbia kutoka upande wa Mitwaba alipokuwa mtoto, katika ile sehemu kati ya Manono, Mitwaba na Pweto ambayo watu waliipa jina la pembetatu ya kifo. Leo anaishi kwa shangazi yake. Kiganja chake cha kulia kilifungwa kitambaa, na bado alikuwa anawashinda wote.

Nikamuuliza mkono umepata nini.

“Papa, nilianguka na pikipiki ya kweli,” akasema bila kuacha kutazama kioo. “Nilikata kushoto sawasawa na ninavyokata hapa. Ikakataa.”

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Pikipiki ile ilikuwa ya jirani, aliyemkubalia ajaribu kazi ya taksi-moto na kumletea pesa kila jioni. Siku ya tatu, kwenye kona yenye mchanga, kijana akaanguka. Hakuumia sana, ashukuriwe Mungu, lakini vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele vilipinda. Sasa anadaiwa. Pesa ambayo shangazi alitumaini itanunua unga, inakwenda kwa fundi.

Nilirudi nyumbani na swali lile: inakuwaje bingwa wa kioo aanguke kwenye kona ya barabara? Nimesoma, nimewauliza mafundi na madereva, na nimegundua kwamba jibu lina historia ndefu. Leo ninawaletea historia hiyo, kwa sababu vijana wengi wa mji huu, na hasa wale waliokuja bila shamba wala diploma, wanategemea pikipiki ili wale.

Magurudumu mawili kabla ya injini

Tuanze mbali. Mwaka 1817, Mjerumani anayeitwa Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Hakikuwa na pedali. Mtu alikaa juu yake na kusukuma ardhi kwa miguu. Jambo kubwa lilikuwa usukani: gurudumu la mbele liliweza kugeuka. Drais alionyesha kwamba chombo cha magurudumu mawili hakianguki kikitembea, mradi mtu aweze kugeuza gurudumu la mbele na kulirudisha.

Ndugu zetu waliotoka Goma, Masisi na Rutshuru hawatashangaa. Chukudu yao ni ya mbao, ina magurudumu mawili na usukani, na inashuka milima ikibeba mamia ya kilo za viazi, mbao au makala. Mtu wa chukudu anajua kwa mwili wake mambo ambayo wataalamu wa Ulaya walihitaji miaka mingi kuyaandika.

Jambo lenyewe ni hili. Chombo cha magurudumu mawili kikienda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, unageuza usukani upande unaotaka kwenda. Kikishika mwendo, tuseme zaidi ya kilomita 20 kwa saa, mambo yanageuka. Ili kiende kushoto, lazima kwanza kilale kushoto. Na ili kilale kushoto, magurudumu lazima yatoke kidogo chini yake kuelekea kulia. Kwa hiyo dereva anasukuma mpini wa kushoto mbele, kidogo tu. Gurudumu linatazama kulia kwa muda mfupi sana, pikipiki inalala kushoto, na kisha gurudumu lenyewe linafuata kushoto. Unasukuma kushoto, unakwenda kushoto, lakini kwa kupitia kulia.

Kama hauamini, chukua ufagio wenye mpini mrefu, usimamishe juu ya kiganja chako, kisha jaribu kuupeleka kushoto bila uanguke. Utaona mkono wako kwanza unakwenda kulia, ufagio unaegemea kushoto, ndipo mkono unaufuata. Pikipiki ni vilevile.

Mhandisi Mskoti William Rankine aliandika juu ya jambo hili mwaka 1869, wakati baiskeli bado zilikuwa za mbao na chuma kizito. Mwaka 1885 Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitia injini ya petroli kwenye chombo cha mbao, na wengi wanakihesabu kuwa ndicho pikipiki ya kwanza ya petroli. Lakini waliongeza vigurudumu viwili vya pembeni ili kisianguke, kwa hiyo hakikuweza kulala kwenye kona. Pikipiki ilizaliwa bila kujua kukata kona.

Naye Wilbur Wright, ambaye pamoja na ndugu yake Orville walitengeneza baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani, kabla ndege yao haijaruka mwaka 1903, aliwauliza waendesha baiskeli wengi wanafanya nini ili kukata kushoto. Walimjibu kwamba wanageuza usukani kushoto. Hakukuta aliyejua kwamba anaanza kwa kuugeuza kulia. Wote walikuwa wanafanya, hakuna aliyejua anafanya. Mwili ulikuwa umejifunza peke yake, kwa kuanguka na kuinuka.

Hapo ndipo ilipo shida ya kijana wetu. Mtoto aliyekua na baiskeli, mwili wake umejifunza. Yeye hakukua na baiskeli. Alikua akikimbia vita kwa miguu. Pikipiki ya kwanza aliyoendesha ilikuwa ya kwenye kioo, na pikipiki ya kwenye kioo haina siri hii.

Michezo ya kwanza: mwili mzima

Lakini haikuanza hivyo. Michezo ya kwanza ya pikipiki ilitaka mwili. Mwaka 1976 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mashine kubwa ya kuweka kwenye kumbi za burudani, yenye usukani wa pikipiki mbele ya kioo. Ukigonga pikipiki nyingine, usukani ulitetemeka mikononi. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu.

Mwaka 1985 Sega hao hao walitoa mchezo wa Hang-On, uliobuniwa na Yu Suzuki. Katika mashine yake kubwa, mchezaji alipanda juu ya pikipiki ya plastiki, kubwa karibu kama ya kweli, yenye kioo mbele. Ili kukata kona, alilaza pikipiki nzima kwa uzito wa mwili wake, kushoto au kulia. Gesi ilikuwa kwenye mpini wa kulia, kwa kuzungusha, na breki kwa mkono. Mtu alitoka pale anatoa jasho. Mwaka 1995 Sega ilirudia jambo hilo kwa mchezo wa Manx TT Super Bike, unaoiga mashindano ya kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland.

Hata mashine hizo hazikusema ukweli wote. Hazikumfundisha mtu kusukuma mpini wa kushoto ili aende kushoto. Lakini angalau zilimwambia kwamba pikipiki inakata kona kwa kulala, siyo kwa kugeuzwa usukani kama gari.

Mashine hizo zilikuwa ghali na nzito. Mchezo ulipotaka kuingia nyumbani, ulilazimika kuacha mwili mlangoni.

Kitufe, kisha kijiti

Kampuni ya Nintendo ilikuwa na fundi anayeitwa Gunpei Yokoi. Mwaka 1982 alileta kitufe chenye umbo la msalaba: juu, chini, kushoto, kulia. Kidole gumba kimoja kilitosha. Mwaka 1984 Nintendo ikatoa Excitebike, mchezo wa pikipiki za kuruka vilima, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Ndani yake hakuna kukata kona kabisa. Unaona pikipiki kwa ubavu, unahama kutoka mstari mmoja wa njia hadi mwingine, unainua au kushusha gurudumu la mbele hewani, na unaangalia injini isichemke. Miyamoto aliikwepa shida ya usukani kwa kuiondoa.

Ubaya wa kitufe ni kwamba kina majibu mawili tu: ndiyo au hapana. Ukikibonyeza kushoto, ni kushoto yote. Hakuna kushoto kidogo. Wachezaji wa siku zile walijifunza kugonga-gonga kitufe haraka ili wapate kona laini, kama mtu anayefungua bomba la maji kidogo kidogo.

Dawa ilikuja mwaka 1996, pale Nintendo 64 ilipokuwa na kijiti kwenye kifaa chake cha mkononi, kile ambacho vijana wa Lubumbashi wanakiita maneti. Mwaka 1997 Sony ikatia vijiti viwili kwenye maneti ya PlayStation, na mwisho wa mwaka uleule ikatoa DualShock, yenye vijiti viwili na kutetemeka. Kijiti kinajua kipimo. Ukikisukuma kidogo, pikipiki inalala kidogo. Ukikisukuma hadi mwisho, inalala hadi mwisho. Maneti mliyonayo leo katika vyumba vya michezo vya Kenya, Katuba na Ruashi ni wajukuu wa maneti ile.

Mwaka 2000 ikaja PlayStation 2, na kampuni ya Namco ikatengeneza juu yake mchezo wa MotoGP. Hata vitufe vya maneti ya PlayStation 2 vilijua kama unabonyeza kwa nguvu au taratibu, kwa hiyo gesi na breki zilipata kipimo pia. Mwaka 2004 ikaja GTA San Andreas, ambayo vijana wengi wa hapa wameicheza, ambamo dereva wa pikipiki anaweza kuegemea mbele au nyuma kwa kijiti. Tangu mwaka 2013 kampuni ya Milestone, ya mji wa Milano huko Italia, imekuwa ikitoa michezo ya MotoGP mwaka baada ya mwaka, ambamo mchezaji anaweza kutenganisha breki ya mbele na ya nyuma na kuchagua msaada wa aina nyingi.

Hapa ninaomba tusimame kidogo, kwa sababu mwaka 2000 unatuhusu sisi Wakongo kwa njia nyingine. PlayStation 2 ilitoka Japani mwezi wa tatu mwaka ule. Mwaka uleule bei ya tantali, chuma kinachotolewa katika koltani na kutumika kwenye vipande vidogo vya mitambo ya umeme, ilipanda mara nyingi, kisha ikaanguka mwaka 2001. Wengi waliandika kwamba PlayStation ndiyo iliyopandisha bei. Ukweli ni mpana zaidi: simu za mkononi na kompyuta zilihitaji tantali pia, na wafanyabiashara walioogopa upungufu walinunua akiba. Lakini wakati bei inapanda, mashariki ya nchi yetu ilikuwa katika vita iliyoanza mwaka 1998, na wenye silaha walifaidika na migodi ya koltani. Kati yenu mnaonisikiliza, wako waliolala porini miaka ile. Kwa hiyo mtoto wa mhami anaposhika maneti, asifikiri kwamba ameshika kitu cha wageni tu.

Simu inayolazwa

Hatua ya mwisho ya historia hii iko mfukoni mwenu. Simu ya iPhone ya mwaka 2007 ilikuwa na kifaa kidogo ndani kinachojua upande gani ni chini. Simu za namna nyingine zilikuwa nacho pia, na baadaye karibu zote zikawa nacho. Watengenezaji wa michezo wakaona: kwa nini simu yenyewe isiwe usukani? Ukiilaza kushoto, pikipiki inakwenda kushoto. Mchezo wa Traffic Rider, wa Mturuki Soner Kara, uliosambaa kwenye simu za Android tangu mwaka 2016, unatoa njia hiyo na pia vitufe, kila mtu achague.

Simu ile na maneti isiyo na waya zinapata nguvu kutoka betri za lithiamu, na betri nyingi za namna hiyo zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika ardhi yetu hii ya Katanga, kutoka Kolwezi hadi upande wa Likasi na Lubumbashi. Malori yanayopita kuelekea Kasumbalesa yanabeba kitu ambacho kitarudi hapa siku moja ndani ya simu, na mtoto atailaza simu ile kushoto ili akate kona.

Sasa angalieni vizuri. Katika njia zote hizi, kitufe, kijiti, simu, mchezaji anasema jambo moja tu: “Ninataka kwenda kushoto.” Kila kilichobaki kinafanywa na mchezo. Kusukuma mpini, gurudumu kutazama kulia kidogo, pikipiki kulala, uzito kuhama, yote hayo programu inayahesabu yenyewe au inayaacha kabisa. Mchezaji ni kama bwana aliyekaa nyuma ya taksi akisema “kata hapa”. Dereva ni mtu mwingine.

Bingwa wetu alikuwa mteja mzuri sana wa dereva asiyeonekana. Siku ile kwenye kona, dereva huyo hakuwepo. Akiwa na mwendo, alivuta usukani kushoto kwa nguvu, kama anavyovuta kijiti. Pikipiki ikafanya kile ambacho Rankine alikiandika mwaka 1869: ikaegemea kulia. Ikatoka nje ya kona, ikaingia kwenye mchanga wa kando. Akashika breki ya mbele yote kwa mara moja, kama kitufe. Mengine mnayajua.

Tulichokirekebisha

Nilimweleza haya, tukiwa na yule mwenye chumba cha michezo. Mwenye chumba akasema: “Papa, basi tuanze na maneti, kwa sababu hata hapa anaiendesha vibaya.” Ilikuwa kweli. Menyu ya mchezo iko kwa Kifaransa, na kijana aliacha shule mwaka wa nne wa msingi, kwa hiyo tangu aanze hakuwahi kugusa marekebisho ya usukani. Alicheza na kile alichokikuta. Tulikaa naye tukasoma neno kwa neno, na ninaandika hapa tulichokipata, kwa sababu wako wengi kama yeye.

La kwanza linaitwa sensibilité. Vijana walibishana namna ya kulisema kwa Kiswahili, na mwishowe wakakubaliana: wepesi wa kuitika. Ni kusema, ukisukuma kijiti kidogo, pikipiki inaitika kiasi gani. Mtu aliyetangulia aliuweka juu kabisa. Pikipiki ilikuwa inaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na bingwa alikuwa amejizoeza kugonga-gonga kijiti kama kile kitufe cha mwaka 1984. Tuliushusha hadi katikati.

La pili ni zone morte, eneo lililokufa. Hicho ni kipande cha katikati ambapo kijiti kinasogea bila mchezo kukijali. Maneti iliyochoka, kama nyingi za hapa, kijiti chake hakirudi katikati sawasawa, na pikipiki inavuta upande mmoja hata usipoigusa. Ongeza eneo lililokufa kidogo kidogo hadi iache kuvuta, na usiongeze zaidi. Ukizidisha, unapoteza ile kona laini ya mwanzo.

La tatu ni misaada. Mchezo ulikuwa unafunga breki peke yake kabla ya kona, na breki mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Tuliondoa msaada wa breki, tukatenganisha ya mbele na ya nyuma. Bingwa alianguka mara nane katika raundi mbili. Wenzake wakafurahi sana.

Kwa wanaocheza kwenye simu: kabla ya kuanza, ishike simu jinsi utakavyoishika muda wote, kisha tafuta kwenye marekebisho kama mchezo una sehemu ya kuweka upya katikati, uiweke hapo. Ukiweka katikati umelala kitandani kisha ukakaa wima, pikipiki itavuta upande. Ukiona mikono inachoka, punguza wepesi wa kuitika au rudi kwenye vitufe.

Kuna mambo ambayo mchezo unafundisha kweli, na sitaki kuyadharau. Unafundisha kutazama mbali, pale unapotaka kwenda, siyo shimo lililo mbele ya gurudumu. Unafundisha kupunguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake. Unafundisha kwamba mkono laini unashinda mkono wenye hasira. Lakini hauwezi kufundisha mchanga wa kando ya barabara, wala maji yanayoficha mashimo wakati wa mvua, wala mama aliyekaa nyuma na mtoto na gunia la unga, ambaye kwa woga anaegemea upande usiofaa. Na ukianguka kwenye kioo, pikipiki inainuka mzima na hakuna anayekudai.

Jumapili asubuhi

Dereva mmoja wa taksi-moto, mtu mzima ambaye kijana anamwita yaya, alikubali kumfundisha kwenye uwanja mtupu, Jumapili mapema kabla watu hawajatoka. Nilikwenda kutazama. Hakuanza na kona. Alimwambia kwanza aendeshe baiskeli, ile ambayo jirani anasukumia makala, bila mzigo. Nusu saa kuzunguka uwanja. Kisha akampandisha pikipiki, kwenye njia iliyonyooka, mwendo wa kadiri.

“Sasa usiniambie unataka kwenda wapi,” yaya akasema. “Sukuma mpini wa kushoto mbele. Kidogo. Kama unamgusa mtoto aliyelala.”

Kijana akasukuma. Pikipiki ikaenda kushoto, laini, kama maji. Akasimama, akaweka mguu chini, akatutazama kama mtu aliyedanganywa miaka mingi.

“Yaya, lakini nilisukuma, sikuvuta.”

“Ndiyo hivyo.”

Akarudia labda mara ishirini. Kushoto, kulia, kushoto. Halafu breki: ya nyuma taratibu, ya mbele kwa vidole viwili, kuongeza nguvu polepole. Yaya alimkataza kuingia barabarani siku ile, na siku ya Jumapili iliyofuata pia. Alisema atamwachilia akiona mikono imeacha kufikiri. Wilbur Wright angemwelewa.

Deni bado liko. Jirani amekubali alipwe kidogo kidogo, na kijana sasa anaosha pikipiki za wengine asubuhi ili ampunguzie. Jioni bado anakwenda kwenye chumba cha michezo, na wanasema ameanza kushinda tena, na breki mbili zikiwa zimetengana.

Wazazi na walezi, msiwafukuze watoto kwenye vyumba vya michezo kwa sababu ya hadithi hii. Kwa mtoto mhami asiyejuana na mtu katika kartie, benchi lile ni mahali pa kwanza ambapo wengine walijifunza jina lake. Lakini kabla mtoto wenu hajashika pikipiki ya mtu, mtafutieni kwanza baiskeli ya kuazima na uwanja mtupu. Nanyi wenye pikipiki mnaowapa vijana kazi, siku mbili za mafunzo ni rahisi kuliko vyuma vipya vya mbele, na kuliko mazishi.

Kama kati yenu kuna dereva wa zamani aliye tayari kufundisha vijana wa komine yake Jumapili asubuhi, atuambie, tutamtangaza hapa.

Mwandishi wenu, Lubumbashi.